Tafuteni Kiti Kwanza

Hotuba kwa wanafunzi wa ufundi wa ndege, siku chache kabla ya ziara yao kwenye makumbusho ya ndege za kivita huko Dayton, Ohio

Mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi mliokuja kuwaaga watoto wenu, na ninyi vijana ambao juma lijalo mtakuwa safarini: asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa niwaeleze mtakayoyaona. Siwezi kuyamaliza, wala sitajaribu. Makumbusho ya Taifa ya Jeshi la Anga la Marekani yana ndege na makombora zaidi ya 350. Nyingi zimepangwa ndani ya mabanda manne makubwa mno, na nyingine zimesimama nje. Kiingilio ni bure. Milango hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Mtu mwenye haraka anaweza kupita mbele ya kila ndege kwa siku moja, akapiga picha, akatoka.

Mara yangu ya kwanza nilifanya hivyo hivyo. Usiku ule hotelini nilifungua simu nikakuta picha mia tatu na ushee, na sikuweza kusema jambo moja la maana juu ya ndege hata moja. Nilikuwa nimeona mabati, rangi, na namba kwenye vibao. Nililala na huzuni, kwa sababu nimefanya kazi ya ufundi wa ndege maisha yangu yote na nilikuwa nimesafiri mbali kufika pale. Asubuhi nikarudi. Nikaamua kutazama ndege chache tu kwa siku nzima. Siku ile ya pili ndiyo nitakayowasimulia leo.

Neno langu kwenu ni hili. Mkifika mbele ya ndege ya kivita, tafuteni kiti kwanza. Kabla hamjauliza ilikuwa na kasi gani, ilibeba nini, ilipaa juu kiasi gani, ulizeni: mtu alikaa wapi? Miguu aliiweka wapi? Mambo yalipoharibika, alitokea mlango gani? Mkishampata aliyekaa ndani, mtafuteni na yule aliyekuwa chini yake, ardhini, aliyesikia mngurumo akainua macho. Ndege hizi zilitengenezwa kwa ajili ya watu hao wawili. Mkiwakosa hao, mtakuwa mmetazama vyombo tu, na vyombo mnavyo hapa chuoni.

Mji wenyewe una habari yake. Dayton ni nyumbani kwa Wilbur na Orville Wright, mafundi wa baiskeli. Karibu na makumbusho kuna uwanja wa majani uitwao Huffman Prairie, na hapo ndipo mwaka 1904 na 1905 walipojifunza kuigeuza ndege hewani na kuirudisha ilikotoka. Mwaka 1909 jeshi la Marekani lilinunua ndege yake ya kwanza kutoka kwao. Lakini kabla ya hapo, tarehe 17 Septemba 1908, Orville alikuwa akiwaonyesha wanajeshi ndege yake huko Fort Myer, Virginia, na pembeni yake amekaa Luteni Thomas Selfridge. Pangaboi likapasuka, likaugonga na kuukata waya ulioshikilia usukani wa nyuma, ndege ikaanguka. Orville alivunjika paja na mbavu. Selfridge alifariki jioni ile, akawa mtu wa kwanza kufa katika ajali ya ndege yenye injini. Ninyi ni mafundi, kwa hiyo sina haja ya kurefusha. Ufa kwenye pangaboi, waya mmoja, mtu mmoja. Jeshi la anga lilikuwa halijazaliwa na tayari kiti kimoja kilikuwa kitupu.

Sasa tuingie ndani, kwenye banda la Vita vya Pili vya Dunia. Mtaiona Memphis Belle mapema, maana watu hawaachi kuizunguka. Ni Boeing B-17F, ndege ya mabomu yenye injini nne, iliyobeba watu kumi. Iliruka kutoka Bassingbourn, Uingereza, na rubani wake Robert Morgan pamoja na wenzake walimaliza safari yao ya 25 tarehe 17 Mei 1943. Leo hesabu ya 25 inasikika ndogo. Wakati ule, mtu akiifikisha alirudishwa nyumbani, na wengi mno hawakuifikisha. Jeshi la Anga la Nane, lililopigana kutoka Uingereza, lilipoteza watu zaidi ya 26,000 katika vita ile.

Msisimame puani penye picha ya msichana, ambapo kila mtu anapiga picha. Nendeni ubavuni, kisha inameni. Tumboni mwa ndege mtaona tufe la chuma na vioo, limening'inia kama kibuyu. Kipenyo chake ni mita moja na kitu. Ndani ya tufe lile alikaa mtu. Alikaa amejikunja, mgongo kwa chini, magoti yamepanda, miguu imetanuliwa huku na huku ya kioo anachochungulia, na bunduki mbili za Browning ziko pembeni mwa kichwa chake. Parachuti kwa kawaida haikuenea humo, aliiacha juu ndani ya ndege. Ikibidi kuruka, ilimlazimu kwanza aligeuze tufe, afungue mlango wa mgongoni, apande ndani, aitafute parachuti, aivae, halafu ndipo atafute pa kutokea. Yote hayo ndege ikiwa inaungua au inazunguka.

Kuna na baridi. Ndege ile haikufungwa hewa kama hizi tunazopanda leo. Kwenye futi 25,000 baridi ilifika nyuzi 40 chini ya sifuri na kuzidi, na upepo uliingia kwenye madirisha ya wapiga bunduki kama mlango ulioachwa wazi. Walivaa nguo zenye nyaya za umeme za kutia joto, na waya ukikatika, kidole au mguu uliganda. Walipumua kwa barakoa, na mate yaliweza kuganda ndani ya mpira wa hewa wakati mtu anaangalia pembeni. Safari moja ilikuwa saa nyingi za namna hiyo.

Nilipiga goti sakafuni nikalitazama tufe lile mpaka goti likauma. Usiku nilipima shibiri tano juu ya meza ya hoteli, nikaweka alama mbili kwa kalamu mbili, nikakaa nikizitazama. Hapo ndipo nilipoijua B-17. Uzito wake, urefu wa mabawa yake na nguvu za injini zake nilikuwa nikivijua tangu ujana wangu.

Kabla hamjaiacha ndege hiyo, mfikirieni fundi wake. Jina lake Joe Giambrone, mkuu wa mafundi wa ardhini. Hakuhesabiwa kati ya wale kumi. Wenzake walipoondoka asubuhi yeye alibaki na matambara yenye mafuta mikononi, na jioni alisimama na wenzake wakihesabu ndege zinazorudi. Ndege ikirudi na matundu, usiku ule ndio ulikuwa wake. Ninyi mnajua kiraka cha bati kinavyowekwa: unakata palipochanika, unazungushia kingo, unapanga ribiti, unagonga mpaka zinakaa sawa na bati. Kwenye ndege yoyote ya vita ile mtakayoitazama, tafuteni viraka. Kiraka kilichopigwa kwa ribiti ni tundu ambalo kitu kiliingilia, na upande wa pili wa tundu hilo palikuwa na mtu. Kwangu mimi, viraka vinasimulia kuliko vibao.

Na kuna mafundi wa kizazi chetu. Memphis Belle ilikaa miaka mingi nje, mjini Memphis, ikinyeshewa na kuibiwa vipuri. Ilifikishwa Dayton mwaka 2005, ikaingia karakana, na haikuonyeshwa kwa umma ikiwa imekamilika mpaka tarehe 17 Mei 2018, miaka 75 kamili baada ya safari ile ya mwisho. Miaka kumi na mitatu ya kazi ya mikono kwa ndege ambayo haitaruka tena. Najua wako watakaouliza faida yake. Mimi nasema fundi aliyekubali kusugua kutu kwa miaka kumi na mitatu ili mtoto wa kesho aweze kuinama na kuliona tufe lile amefanya kazi sawa na ya fundi aliyekesha Bassingbourn.

Katika banda hilo hilo kuna C-47, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Dakota. Wageni wanaipita haraka, kwa sababu haina bunduki na haina picha ya kuvutia. Mimi niliganda mbele yake. Mwaka 1944, msimu wa mvua kubwa, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikiteremka bonde la Kabaw huko Burma, katika matope yaliyomeza magari. Askari wa King's African Rifles walikuwamo, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, na Kiswahili kilisikika katika misitu ile. Barabara hazikupitika. Chakula chao na risasi zao vilitoka angani, kwenye ndege za aina hii. Kwa hiyo mkifika kwenye Dakota, msitafute kiti cha rubani. Nendeni kwenye mlango mkubwa wa ubavuni. Hapo walisimama watu waliosukuma mizigo kwa mikono na miguu, ndege ikiwa chini chini kati ya vilima na mawingu. Chini yao, mara hii, aliyesikia mngurumo na kuinua macho alikuwa askari mwenye njaa anayengojea gunia. Hiyo ni ndege ya kivita vilevile. Napenda muikumbuke.

Sasa nifike kwenye habari niliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote. Ndani ya makumbusho mtakuta vitu vilivyookotwa jangwani, vya ndege ya mabomu iliyoitwa Lady Be Good. Ndege yenyewe haimo. Lakini ipo B-24D, ndugu yake wa aina moja, na mnaweza kusimama mbele ya hiyo mkiifikiria ile.

Tarehe 4 Aprili 1943 Lady Be Good iliondoka uwanja wa Soluch, karibu na Benghazi nchini Libya, kwenda kupiga bandari ya Naples. Ilikuwa safari ya kwanza ya vita kwa kikosi kile cha watu tisa. Rubani aliitwa William Hatton, msaidizi wake Robert Toner. Wakati wa kuondoka palikuwa na dhoruba ya mchanga. Hawakufanikiwa kupiga shabaha yao, na usiku wakageuza kurudi, peke yao, juu ya bahari, pasipo kuona kitu.

Hatton aliomba kwa redio aelekezwe. Kituo cha ardhini kikapima wimbi la redio yake na kumpa mwelekeo. Sasa sikilizeni, vijana, kwa sababu hapa pana somo lenu. Kifaa kile kilionyesha mstari tu. Kilisema ndege iko kwenye mstari huu. Hakikuweza kusema iko mbele ya kituo au nyuma yake. Ndege ikiwa baharini inakuja na ndege ikiwa imekwisha kupita inaelekea jangwani, zote mbili zilitoa jibu moja. Walikuwa wamekwisha kupita. Wakaambiwa waendelee, na wao wakaamini bado wako juu ya maji. Wakaruka kama saa mbili zaidi kuelekea kusini, ndani ya Sahara, mafuta yakipungua.

Injini zilipoanza kuzima waliruka kwa parachuti, wote tisa. Mmoja, John Woravka aliyekuwa mlenga mabomu, parachuti yake haikufunguka sawasawa, akafa. Wanane wakakutana gizani kwa kupiga bastola za ishara na kuitana. Asubuhi wakaanza kutembea kuelekea kaskazini, wakidhani bahari iko karibu. Walikuwa zaidi ya kilomita 600 kutoka uwanja wao. Walikuwa na nusu chupa ya maji ya kugawana wanane. Kila mmoja alipata kifuniko kimoja kwa siku.

Na ndege je? Ndege, bila mtu ndani, ilishuka taratibu yenyewe ikatua kwa tumbo juu ya mchanga, kama kilomita 25 kusini mwa pale walipoangukia. Haikuungua. Ilipopatikana baada ya miaka mingi, redio yake ilifanya kazi, bunduki zake zilifyatua, na ndani mlikuwa na maji na chakula kidogo. Wao walitembea kuipa mgongo, kwa sababu hawakuwa na njia ya kujua.

Toner aliandika shajara. Ni maneno machache kila siku, ya mtu anayetunza nguvu. Siku ya tano watano walishindwa kuendelea. Watatu, Guy Shelley, Harold Ripslinger na Vernon Moore, walikwenda mbele kutafuta msaada. Watano waliobaki walikuwa wametembea zaidi ya kilomita 100 katika jangwa ambalo wataalamu walidhani mtu bila maji hawezi kulimudu hata nusu ya umbali huo. Shajara inakoma Jumatatu, tarehe 12 Aprili. Inasema msaada haujafika bado, na kwamba usiku ulikuwa baridi sana.

Mwaka 1958 watafuta mafuta wa Uingereza waliiona ndege kutoka angani. Mwaka uliofuata watu wakaifikia kwa ardhi, na mwaka 1960 miili ya wanane ikapatikana, mmoja mmoja na kundi kwa kundi. Shelley na Ripslinger walikuwa makumi ya kilomita mbele ya pale walipowaacha wale watano. Vernon Moore hajapatikana mpaka leo.

Nilisimama mbele ya kabati la kioo lenye vitu hivyo nikashindwa kwenda mbele. Kazi yangu imekuwa ya kutengeneza vifaa ili visiseme uongo. Kifaa kile cha redio hakikusema uongo. Kilijibu swali kwa usahihi, ila jibu lilikuwa na pande mbili na waliolipokea walikuwa na muda wa kuamini upande mmoja tu. Tangu siku ile, kila ninapofundisha kusoma kipimo chochote, namwuliza mwanafunzi: kifaa hiki hakiwezi kukuambia nini? Walimu wenu wengine wamenisikia nikiuliza hivyo miaka yote bila kujua swali limetoka wapi. Limetoka kwenye kabati lile.

Ziko nyingine nitazipitia kwa haraka. Kwenye banda la nne, lililofunguliwa mwaka 2016, mtaruhusiwa kuingia ndani ya ndege iliyombeba Rais Kennedy kwenda Dallas na kuurudisha mwili wake siku ile ile, tarehe 22 Novemba 1963. Ndani yake ndiko Lyndon Johnson alikoapishwa. Njia ya kupita ni nyembamba, na wanene watapita kwa ubavu. Tembeeni mpaka nyuma kabisa. Wafanyakazi wa ndege ile waling'oa viti na kukata sehemu ya ukuta wa ndani ili jeneza lipate pa kukaa, wakakataa liwekwe shehenani. Hapo mtaona ni kwa nini nasema tafuteni kiti: safari nyingine habari yote imo kwenye viti vilivyoondolewa.

Katika banda hilo hilo kuna XB-70 Valkyrie, nyeupe, ndefu, yenye injini sita, iliyoweza kufikia mara tatu ya kasi ya sauti. Zilitengenezwa mbili tu. Ya pili iligongana hewani na ndege ndogo ya F-104 tarehe 8 Juni 1966, wakafa marubani Joe Walker na Carl Cross. Ni ndege nzuri kuliko zote mle, nakiri, na itawavuta. Itazameni mshibe, kisha mrudi kwenye zile zisizo nzuri.

Humo humo kuna ndege ya uchukuzi, C-141, iitwayo Hanoi Taxi. Tarehe 12 Februari 1973 iliwachukua wafungwa wa kwanza wa Kimarekani wa vita vya Vietnam kutoka Hanoi. Wengine walikuwa wamekaa gerezani miaka zaidi ya mitano. Walikaa kimya kwenye viti mpaka magurudumu yalipoacha ardhi, na ndipo wakapiga kelele kama watoto.

Maneno machache ya mwenendo. Msiguse. Mnalijua hilo, lakini mkono wa fundi una tabia ya kwenda kwenye bati wenyewe. Chumvi ya jasho inakula alumini isiyo na rangi, na alama ya kiganja chako leo ni kutu ya mwakani. Vaeni viatu vya kutembelea. Simu ziacheni mifukoni kwa saa ya kwanza, chukueni daftari na kalamu, mchore. Mchoro mbaya wa kiti utakusaidia kuliko picha safi, kwa sababu ili ukichore ni lazima ujue mkono wa mtu ulifika wapi. Na mkiwaona wazee wanaojitolea kuongoza wageni, wasalimieni vizuri, mkae nao. Baadhi yao wameruka au kutengeneza ndege hizo hizo wanazozieleza. Mwulizeni mzee kilichomsumbua kwenye ndege yake. Atakuambia mambo ambayo kibao hakiwezi kuyabeba.

Nimebakiza ndege moja. Nimeiacha mwisho kwa makusudi.

Kwenye banda la vita vya pili imesimama ndege ya mabomu, B-29 inayong'aa, iitwayo Bockscar. Kibao chake kinaitaja kuwa ndege iliyomaliza Vita vya Pili vya Dunia. Karibu yake kuna mfano wa bomu la atomiki ililolibeba, nene, la rangi ya manjano. Puani imechorwa behewa la treni lenye mabawa, likitoka Salt Lake kwenda Nagasaki. Mchoro huo uliwekwa baada ya safari, kwa sababu wakati wa kuondoka hakuna aliyejua kwamba itakuwa Nagasaki.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Agosti 1945 iliondoka kisiwa cha Tinian, rubani akiwa Charles Sweeney. Pampu ya tangi moja la akiba ilikuwa mbovu, na mafuta ya tangi hilo yakawa mzigo usiotumika. Walikuwa wametumwa mji wa Kokura, Japani. Walipofika, mji ulikuwa umefunikwa na wingu na moshi. Walipita juu yake mara tatu, mlenga mabomu hakuona shabaha. Mafuta yakawa yanakwisha. Wakageuka kwenda Nagasaki, na huko nako palikuwa na mawingu, mpaka mwanya ukafunguka. Bomu lilianguka mbali na mahali palipokusudiwa, juu ya bonde la Urakami, penye nyumba, shule, na kanisa kuu lililokuwa mita kama 500 kutoka chini ya mlipuko. Ilikuwa saa tano na dakika mbili asubuhi. Hadi mwisho wa mwaka ule watu wanaokadiriwa kufika 70,000 na zaidi walikuwa wamekufa.

Katika makumbusho ya Nagasaki kuna saa ya ukutani iliyosimama kwenye dakika hiyo. Naona kwamba Bockscar na saa ile ni vitu viwili vya maonyesho mamoja, ila bahari imekaa katikati. Anayeona kimoja ameona nusu. Sisemi hivi kuwahukumu waliokuwa ndani. Walikuwa vijana, walitumwa, na vita ile ilikuwa imekwisha kuua mamilioni. Na sisemi kibao kiondolewe. Nasema tu kwamba kibao kile kimeandikwa kutoka upande wa kiti, na mimi niliwaomba tangu mwanzo mtafute watu wawili.

Kiti mtakiona kwa urahisi. Pua ya B-29 ni vioo vitupu, na mbele kabisa ndipo alipokaa mlenga mabomu, Kermit Beahan. Siku ile ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Alitimiza miaka 27. Baadhi yenu hapa mna umri unaokaribia huo.

Siku yangu ya pili nilifika mbele ya Bockscar kabla ya saa tano, nikangoja. Watu walikuwa wakipita chini ya bawa, wanaongea, wanacheka, kama watu wanavyopaswa kufanya asubuhi yoyote. Mama mmoja alichuchumaa kumfunga mwanawe kamba za viatu. Saa yangu ikafika tano na dakika moja, ikafika tano na dakika mbili. Alikuwa bado anafunga.

Nimemwomba mwalimu mnayesafiri naye awafikishe hapo mapema, mkae kimya dakika chache. Tazameni juu kwenye kiti cha Beahan. Kisha teremsheni macho polepole kwa mstari ulionyooka mpaka sakafuni, mwone nani anapita.